Natafuta kitabu cha ndege na maisha ya watu, si cha kutambua ndege tu

Karani_Mangaka ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Nanyumbu. Msimu wa korosho ukiisha, mizani ikifunikwa na ghala likifagiliwa, napata nafasi ya kusoma. Safari hii nataka kusoma kuhusu ndege, ila si kitabu cha kuniambia huyu ana mdomo mwekundu na yule ana mkia mrefu. Hicho ninacho. Aliniachia mgeni mmoja aliyekuwa akielekea Lukwika-Lumesule, na picha zake ni nzuri mno. Lakini ukifungua ukurasa wa bundi unakuta urefu wa mwili, rangi ya macho, na mahali anapoishi, basi. Hakuna neno juu ya wazee wa mtaani kwetu kutoka usiku na vijinga vya moto kumfukuza akitua kwenye paa. Tipitipi naye amepewa mistari minne. Bibi yangu akimsikia tipitipi analia bondeni, anaanza kuanua makopa kabla hata wingu halijaonekana, na mara nyingi mvua inakuja kweli. Hilo nalo ni elimu ya ndege, nataka kujua nani ameiandika.

Aliyenitia hamu hii ni mjomba wangu, na kwetu Wayao mjomba ndiye mwenye neno. Ni mrina asali tangu ujana wake. Anaingia porini na shoka, kiberiti na ndoo, anatoa mlio wake wa kumwita mlembe, na mlembe akiwa karibu anajibu kwa kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Hapo kazi imeanza. Ndege anaruka mti huu, anasubiri, anaruka mti ule, mjomba nyuma yake, mpaka kwenye mti wenye nyuki. Akishapasua na kutoa masega, anatandika majani mabichi chini na kumwekea mlembe nta yake. Anasema ukimdhulumu, siku nyingine atakupeleka kwa chui.

Nimewauliza vijana wa rika langu kama wanajua kumwita. Hawajui. Sukari ipo dukani, na wanaotaka asali wanatundika mizinga ya kisasa. Mjomba ana watoto wa dada wengi na mimi ni mmoja wao, na hata mimi huo mlio siwezi.

Kwa hiyo naomba: kuna vitabu gani vinavyoeleza ndege pamoja na watu? Na kuna yeyote aliyewahi kuandika juu ya mlembe na watu wa kusini?

Mwalimu_Mstaafu_Lindi:

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo nilitamani wanafunzi wangu waniulize.

Kitabu kikubwa kuliko vyote nilivyoshika katika jambo hili kinaitwa *Birds and People*, kilitoka Uingereza mwaka 2013. Mwandishi ni Mark Cocker, picha ni za David Tipling. Ni kizito, karibu kurasa 600, na kimepangwa kwa koo za ndege: unafungua ukoo wa bundi, unakuta Wagiriki wa kale waliomchora bundi kwenye sarafu zao za Athens kwa sababu alikuwa ndege wa mungu wao wa hekima, kisha unakuta watu wa nchi nyingine wanaomwogopa bundi huyohuyo kama tunavyomwogopa sisi. Mwandishi alipokea habari kutoka kwa mamia ya watu wa nchi mbalimbali na kuziweka humo kwa maneno yao. Usikisome toka mwanzo hadi mwisho. Soma ukoo unaoufahamu, kisha rudi porini.

Kisa kimoja cha korongo nakipenda kuliko vyote. Zamani Ulaya hawakujua mbayuwayu na korongo wanakwenda wapi wakati wa baridi. Wapo wasomi walioshikilia kwamba mbayuwayu wanalala chini ya matope ya maziwa. Mwaka 1822, kijiji cha Klütz huko Ujerumani, akaonekana korongo mweupe mwenye mshale umemchoma shingoni, na bado anaruka. Mti wa mshale ule ulikuwa wa Afrika. Mwindaji mmoja wa bara letu, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alikosa kitoweo na kuwapa Wazungu jibu la swali lao. Korongo yule amekaushwa na yupo mpaka leo kwenye chuo kikuu cha Rostock. Korongo unaowaona mabondeni wakati wa mvua za mwanzo ni wa ukoo huohuo.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Lindi, vumilia niongeze hili. Mifupa ya dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale, iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kwa vichwa vya watu mpaka bandari ya Lindi, ipo kwenye jumba la makumbusho la Berlin. Jumba hilohilo lina jiwe lenye alama ya Archaeopteryx, kiumbe mwenye manyoya ya ndege na meno ya mjusi. Wataalamu leo wanakubaliana kwamba ndege wametokana na jamii ya dinosaria. Kwa hiyo jitu letu la Tendaguru na huyo mdogo wake wamekaa chini ya paa moja. Ningependa kila mtoto wa mkoa huu aambiwe hivyo.

Sasa kwa Kiswahili. Usidharau methali, mwanangu. Waliozitunga walikuwa wanatazama ndege kwa jicho kali. “Kanga hazai ugenini” ni neno la mtu aliyewahi kutafuta kiota cha kanga kwenye majani, akajua kwamba ukikigusagusa anakihama. “Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu” imetoka kwa mtegaji. “Dua la kuku halimpati mwewe” imetoka kwa mama aliyesimama uani na kifaranga kimekwenda. Chukua daftari, andika methali zote za ndege unazozijua, na pembeni ya kila moja andika tabia ya ndege iliyozaa methali hiyo. Utashangaa jinsi kurasa zinavyojaa.

Askari_Pori_Ruvuma:

Mkuu Karani, swali lako la mwisho lina jibu, na jibu liko ng'ambo ya mto tu.

Hifadhi ya Niassa, upande wa Msumbiji, imepakana na Ruvuma. Humo wanaishi Wayao, ndugu zako kabisa, na bado wanarina asali na mlembe kila msimu. Mtafiti anayeitwa Claire Spottiswoode alikwenda kufanya kazi nao, pamoja na Keith Begg na Colleen Begg walioishi Niassa muda mrefu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la *Science*. Warina asali wa kule wana mlio wao waliorithi kwa baba zao: mtetemo wa ulimi, “brrr”, unaomaliziwa na “hm” fupi. Mwambie mjomba autoe, naamini utausikia huohuo au wa karibu yake.

Watafiti walirekodi mlio huo, wakatembea porini wakiupiga kwa spika. Siku nyingine walipiga maneno ya kawaida ya binadamu, na siku nyingine sauti ya ndege mwingine. Kwa sauti hizo za kawaida, nafasi ya mlembe kuja kuongoza ilikuwa kama asilimia 33. Kwa mlio wa Wayao ikapanda hadi 66. Ukihesabu mpaka hatua ya kuonyeshwa nyuki, ilikuwa asilimia 16 dhidi ya 54. Yaani ndege yule wa mwituni, asiyefugwa na asiyefundishwa na mtu, anaelewa kwamba mwenye mlio huu amekuja kwa kazi, ana shoka na ana moto.

Faida yake anaijua. Mlembe anakula nta na tumbo lake linaisaga, jambo ambalo ndege wengi hawawezi. Lakini hawezi kupasua gogo, na nyuki wanaweza kumuua. Mtu ana moshi na chuma lakini hajui nyuki wako mti gani. Kila mmoja ana nusu ya mali.

Jambo lililonikosesha usingizi zaidi ni la mwaka 2023. Spottiswoode na mwenzake Brian Wood walilinganisha Wayao wa Niassa na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Wahadzabe hawasemi “brrr-hm”, wao wanapiga mluzi. Mlembe wa Eyasi aliposikia mluzi wa kwao alikuwa tayari kushirikiana zaidi ya mara tatu kuliko aliposikia mlio wa Wayao. Mlembe wa Niassa naye aliupendelea mlio wa Wayao, karibu mara mbili. Kila ndege anaijua desturi ya watu wa kwao. Na kumbuka kinda la mlembe halilelewi na mama yake. Yai linatagwa kwenye kiota cha ndege wengine, walanyuki kwa mfano, na kinda likianguliwa linawaua watoto wa mwenye kiota kwa ndoana iliyo kwenye mdomo wake. Kwa hiyo mama yake hakumfundisha. Inaelekea anajifunza akiwa mkubwa, kwa kutuangalia sisi.

Ndiyo maana ulichoandika kuhusu vijana wa rika lako kimenichoma. Mlio ukipotea kwa watu, ndege naye hatakuwa na cha kujifunza.

Kwa upande wa vitabu vya zamani: padri Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala, pwani ya Msumbiji, aliandika juu ya ndege mdogo aliyeingia kanisani kwake kudonoa mishumaa ya nta, na jinsi ndege hao wanavyowaongoza watu kwenye asali. Kitabu chake kilichapwa Ureno mwaka 1609. Kwa hiyo mjomba wako ameingia vitabuni zamani, hajatajwa jina tu.

Ukhti_Mikindani:

Assalaam alaykum. Nafundisha watoto madrasa, na somo la ndege kwetu ni refu.

Kaka Karani, ukianza na msahafu utapata ndege watatu ambao kila mtoto wa pwani anawajua. Katika Al-Maida aya ya 31, kunguru anafukua ardhi kumwonyesha mwana wa Adam namna ya kumsitiri ndugu yake aliyemuua. Mwanadamu wa kwanza kuzika alifundishwa na kunguru. Katika An-Naml, hudhud anachelewa kwenye mkusanyiko wa Nabii Suleiman, anatishiwa adhabu, kisha anakuja na habari ya uhakika kutoka Sabaa: kuna malkia huko. Na Al-Fiil tunaisoma wote, ndege makundi kwa makundi na mawe yao. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ipo kwenye nyumba nyingi huku, huna haja ya kuagiza mbali. Wenzetu Wakristo nao wana Nuhu katika Mwanzo sura ya 8, aliyemtuma kunguru kwanza, kisha njiwa.

Baada ya hapo mtafute Farid ud-Din Attar, mshairi wa Uajemi wa karne ya 12. Katika utenzi wake *Mantiq al-Tayr* ndege wa dunia nzima wanakusanyika kumtafuta mfalme wao, Simurgh, na hudhud ndiye kiongozi wa msafara. Kila ndege ana udhuru. Kasuku anataka maji ya uzima, bata hataki kuacha maji yake, bundi ameipenda hazina iliyofukiwa kwenye magofu. Wanavuka mabonde saba na wanaofika ni thelathini tu. Nimewasimulia watoto wangu kidogokidogo baada ya kipindi, nikaona hata wale wasumbufu wanasubiri bonde linalofuata.

Sasa bundi, maana naona watu wanamkwepa. Waarabu kabla ya Uislamu walidai mtu aliyeuawa na damu yake isilipiwe kisasi, anatoka kwenye kichwa chake ndege anayelia juu ya kaburi, wakimwita haama, na wengi wakamfananisha na bundi. Mtume, rehma na amani zimshukie, alilikataa hilo waziwazi pamoja na kupiga ramli ya ndege, na hadithi hiyo imo katika Bukhari. Mimi nikimwona mtu anampiga bundi mawe kwa jina la dini, namsomea hadithi hiyo papo hapo. Bundi wa dari anakula panya usiku kucha. Mwenye ghala la mtama angemwombea dua.

Mjukuu_wa_Likumbi:

Dada yangu wa Mikindani, nakuheshimu, lakini tusiwafunge wazee midomo. Bibi yangu wa Newala aliposikia bundi hakurusha jiwe. Alikwenda kuulizia wagonjwa wa mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, na kama kuna aliyezidiwa alilala huko. Bundi alikuwa anawatoa watu ndani kwenda kutazamana. Kitabu kikiandika tu “waliamini ni uchuro” kitakuwa kimemkatia bibi yangu maneno.

Mwalimu_Mstaafu_Lindi:

Mjukuu, hapo umesema jambo zito na ninaliunga mkono. Aandikwe bibi wa Newala na iandikwe hadithi ya Bukhari, kila moja kwa ukamilifu wake. Msomaji ana akili.

Fundi_Rangi_Masasi:

Naongeza kidogo tu. Mnataja vitabu na utenzi, mmesahau picha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, mtu wa upande wetu huu wa kusini. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli, na ndege walijaa kazini mwake, tausi, kanga, wengine wa kuwaza tu. Alifariki 1972, miaka minne basi, na leo dunia nzima inaitambua ile staili. Mimi nachora kwa kufuata njia yake. Mteja akiniuliza ndege huyu ni wa wapi, namjibu huyu ameonwa na mtoto aliyekaa dunguni kuamia mtama toka alfajiri mpaka jua kuzama. Mtoto wa dunguni anamjua kweleakwelea kwa njaa yake mwenyewe. Mkiandika kitabu cha ndege wa kusini, waulizeni waliowahi kukaa dunguni.

Karani_Mangaka:

Wakuu, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Asanteni sana.

Askari, jana jioni nilikwenda kwa mjomba nikamsomea habari ya Niassa kutoka kwenye simu. Alinisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye “brrr-hm”, akanikatiza, akaweka ulimi juu ya kaakaa na kuutoa mwenyewe. Ni huo. Ila wa kwake una “hm” mbili mwishoni, ya pili inashuka. Nikamwuliza kama kila Myao anafanya hivyo, akasema hapana, hivi ndivyo alivyofundishwa na mjomba wake yeye, na watu wa bonde la pili wana wao. Nilipomweleza habari ya Wahadzabe na mluzi akacheka kwa furaha, akasema kumbe mlembe ana kabila.

Nimeamua hivi. Nitaanza na mjomba na mlembe peke yake, nisikimbilie ndege wote. Nitarekodi mlio wake, nitaandika njia tuliyopita, miti tuliyoikuta, jina la kila kitu kwa Kiyao na kwa Kiswahili, na nani alimfundisha nani. Bibi na tipitipi watafuata mvua zikianza. Daftari la methali nimeshalifungua, Mwalimu, na nikipata kurasa za kutosha nitakuletea Lindi uzisahihishe. Na Mjukuu, kama bibi yako wa Newala yupo hai au yupo aliyekulia kwake, naomba uandike wewe, usiniachie mimi.

Askari, nina swali la kikazi. Pori tunaloingia ni la kijiji, lakini mjomba anasema mlembe hajali mpaka, anaweza kutuvusha hadi ndani ya pori la akiba. Tufanyeje?

Askari_Pori_Ruvuma:

Kabla ya kuingia nendeni ofisi ya kijiji, mwenyekiti aandike barua kwamba mnakwenda kurina asali na kurekodi, mna nini mkononi, na mko wangapi. Nakala ipeleke kwenye kituo cha askari wa pori. Mkifika kwenye mpaka na ndege bado anaita mbele, rudini, mjomba amwite upya kwa upande wenu. Mlembe akikosa wafuasi kwa mti ule huwa anaweza kuwapeleka kwenye nyuki wengine.

Moto uzimwe kwa maji, si kwa mchanga peke yake, hasa kuanzia mwezi wa saba nyasi zikikauka. Ingieni asubuhi mapema, upepo ukiwa mdogo sauti inatoka safi. Washa simu kabla mjomba hajaanza kuita na usiizime mpaka mmetandika majani na nta iko chini, maana jibu la ndege ni nusu ya hayo mazungumzo. Na kila mkirekodi, taja kwanza kwa sauti tarehe, mahali na jina la mjomba.